Makutano yamezidiwa na foleni, tumepewa michoro mitatu tuchague: vitanzi viwili, ghorofa nne au almasi ya kubadilishana upande?

Kipimapembe (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Kuna jambo linanikereketa, nikaona nililete humu maana kuna madereva, kuna mafundi, na kuna wale wa "mimi nilisema tangu mwanzo". Kuna makutano napita asubuhi na jioni. Barabara kuu imepita chini, barabara ya mjini imepita juu ya daraja, na pembeni kuna vitanzi vinne. Ukiyaona kutoka angani ni kama jani la klova. Enzi zake yalitosha. Siku hizi foleni inajaa kabla jua halijachomoza vizuri, inarudi nyuma hadi kwenye barabara kuu yenyewe, wenye haraka wanatanua pembeni na wengine wanachomekea hatua ya mwisho kabisa.

Sasa yametolewa mapendekezo matatu na wananchi tumeambiwa tutoe maoni.

Mchoro wa kwanza: viondolewe vitanzi viwili, vibaki viwili vilivyo mshazari, halafu njia za kutokea zinapofika kwenye barabara ya mjini ziwekwe taa.

Mchoro wa pili: ghorofa nne. Kila anayekata kona ana daraja lake, hakuna taa hata moja.

Mchoro wa tatu ndio umenivuruga kichwa: vitanzi vyote viondolewe, na pale juu ya daraja magari yabadilishane upande. Yaani sisi tunaoendesha kushoto tunavuka kwenda kulia, tunapita daraja tukiwa kulia, kisha tunarudi kushoto. Mwanzoni nilidhani mchoraji kateleza kalamu.

Mimi moyo unanituma kwenye ghorofa nne. Kama mnajenga, jengeni. Lakini sitaki kujaza fomu kwa ushabiki. Nielimisheni. Maelezo yangu yote ni ya kuendesha kushoto, mlioko kwenye nchi za kulia geuzeni tu maneno.

Kigoda

Niko pale nimekaa nasubiri wataalamu waje waturoge na mahesabu.

Turubai

Ghorofa nne, mjadala umeisha. Makutano ambayo hakuna anayesimama yatajaaje? Hayo mengine ni viraka.

Nyuzi_Tisini

Mkuu Kipimapembe, kabla ya kuchagua dawa tuujue ugonjwa. Kazi yangu ni usanifu wa barabara, nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Hayo makutano ya vitanzi vinne ni wazo la mhandisi wa Maryland, Marekani, aitwaye Arthur Hale, aliyepewa hataza mwaka 1916. La kwanza Marekani lilifunguliwa mwaka 1929 Woodbridge, New Jersey. Lilikuwa wazo zuri sana: barabara mbili zinakutana, kila mtu anaenda anakotaka, hakuna taa, na daraja ni moja tu. Fikiria magari ya 1929, machache na yanatambaa. Ilikuwa raha.

Ugonjwa wake uko chini ya daraja. Aliyetoka kwenye kitanzi anaingia barabara kuu kutokea kushoto, ana mwendo wa kilomita 40 hivi, anataka kusogea kulia ajiunge na wenzake. Dakika hiyohiyo kuna mwingine yuko kulia, anakuja mbio, anataka kusogea kushoto awahi kitanzi kinachofuata. Wote wawili wanagombea kipande kilekile cha lami, mara nyingi kisichozidi mita 200. Sisi tunakiita msuko, maana magari yanapitana kama nywele zinavyosukwa. Magari yakiwa machache msuko unasukika. Yakizidi, mmoja anakanyaga breki, wa nyuma yake anakanyaga zaidi, na wimbi linarudi nyuma kilomita nzima.

Kwa hiyo swali la kwanza si "mchoro upi mzuri". Ni hili: kwenye makutano yenu, nani anakwenda wapi, na wangapi? Mchoro huuchaguli wewe, magari yanayokata kona ndiyo yanayouchagua.

Breki_ya_Upepo

Hapo kwenye vitanzi mniachie mimi nimalizie. Ninaendesha lori la trela miaka mingi. Kitanzi cha KUTOKEA ndicho kinachoua. Unatoka barabara kuu ukiwa na themanini, mwili umeshaizoea ile themanini, mbele unakutana na kona inayojikunja kama mkia wa nyani. Kona haikuelezi kwamba inabana, unaijua ukiwa ndani. Mzigo ukiwa juu, kama marobota au kimiminika kisichojaa tangi, matairi ya upande mmoja yanaanza kunyanyuka kabla hujamaliza kusema Mungu wangu.

Kitanzi cha KUINGILIA hakina tabu hiyo. Unatoka barabara ya mjini, mwendo wako ni mdogo tayari. Tabu yake ni kwamba ukimaliza kujikunja unatakiwa upate kasi, na lori halipati kasi kama pikipiki. Nipeni njia ndefu ya kuongezea mwendo nitawashukuru.

Nyuzi_Tisini

Breki umenisaidia kazi. Ndiyo maana katika vitanzi viwili, mpangilio mzuri ni kubakiza vile vya kuingilia barabara kuu na kuondoa vile vya kutokea. Kanada, hasa jimbo la Ontario, wameupenda sana mtindo huo. Vitanzi vikibaki viwili tena mshazari, msuko unakufa kabisa, kwa sababu kila upande wa barabara kuu una kitanzi kimoja. Anayetoka barabara kuu anatoka kwa njia iliyonyooka hadi kwenye taa, anasubiri zamu yake.

Kipimapembe, waulize wenye mchoro wa kwanza: vinavyobaki ni vipi? Wakijibu ni vya kutokea, kaa nao chini.

Turubai

Lakini umeweka taa. Tumetoka kwenye "hakuna taa" tukaenda kwenye taa, hayo ni maendeleo gani?

Nyuzi_Tisini

Turubai, swali zuri, na jibu lake ndilo linaloamua hatima ya ghorofa nne.

Leni moja ya barabara kuu isiyo na taa hupitisha magari madogo kama 2,000 hadi 2,400 kwa saa, hali ikiwa nzuri. Lori moja lihesabu kama magari madogo mawili kwenye tambarare, mlimani zaidi. Leni yenye taa hupitisha kwa kiwango cha kama 1,900 kwa saa, ila ni wakati wa kijani tu. Ikipewa asilimia 30 ya muda, imebaki na 570.

Tuchukue mfano. Magari 900 kwa saa yanatoka barabara kuu yakate kulia. Leni moja ya 570 haitoshi, weka mbili, unapata 1,140, umeyabeba. Mzunguko wa taa ukiwa dakika mbili, kila mzunguko wanafika 30, na kati yao 21 hivi wanakuta nyekundu. Leni mbili, kumi au kumi na moja kila moja, kila gari linakula mita 7 likiwa kwenye foleni. Hiyo ni kama mita 77. Ongeza malori, ongeza siku mbaya, weka mita 150 za kusimama, na foleni hairudi barabara kuu. Taa si adui. Adui ni njia fupi ya kusubiria.

Sasa ghorofa nne. Asili yake ni pale barabara kuu MBILI zinapokutana, zote zikiwa hazina taa mbele wala nyuma. Los Angeles ndiko lilikojengwa la kwanza, likamalizika 1949 na kutumika lote 1953. Pale lina maana, kila mkono wake unamwaga kwenye barabara isiyosimama. Nyie mkono wenu mmoja ni barabara ya mjini. Mita chache mbele kuna taa, si ndiyo?

Kipimapembe

Kuna taa. Kama mita 400 hivi baada ya daraja, na nyingine mbele yake.

Nyuzi_Tisini

Basi mtajenga daraja la leni mbili hewani la kumwaga magari kama maji ya mtungi kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Foleni itakuwepo vilevile, tofauti ni kwamba mtaisubiri mkiwa juu mnaona mandhari.

Kigoda

Nimecheka peke yangu ofisini. Turubai bado upo?

Turubai

Nipo. Sijakubali lakini nipo.

Mtama_Mchungu

Wakuu mnasumbukia maumbo tu. Mkipanua zitajaa, mkigeuza zitajaa. Houston, Texas, waliipanua ile barabara yao ya Katy, kazi ikaisha 2008, sehemu nyingine ukihesabu na barabara za pembeni inafika leni 26. Leni ishirini na sita! Kati ya 2011 na 2014 muda wa safari kwenye barabara hiyo ukaongezeka tena, asubuhi kwa karibu asilimia 30 na jioni karibu asilimia 55. Mchumi Anthony Downs aliliona hilo tangu 1962: ukirahisisha njia saa za msongamano, waliokuwa wanapita kwingine, au saa nyingine, au kwa usafiri mwingine, wanarudi palepale.

San Francisco walikuwa na barabara ya juu ya Embarcadero. Tetemeko la 1989 likaiharibu, 1991 wakaanza kuibomoa, hawakuijenga tena. Mji haukufa. Kwa hiyo chaguo la nne halimo kwenye fomu: msifanye kitu, pesa wekeni kwenye mabasi.

Nyuzi_Tisini

Mtama, sikupingi kwenye Katy. Ila kuongeza leni ni jambo moja, kuondoa msuko ni lingine. Msuko unakula uwezo uliokuwepo tayari na unagonganisha watu. Hata kama magari yatarudi kujaa, afadhali yajae bila watu kubanana ubavu kwa mwendo wa themanini.

Na kuna ushahidi kwamba mpangilio peke yake, bila leni mpya, una uzito. Minnesota walikuwa na taa kama 430 kwenye njia za kuingilia barabara kuu za Minneapolis na St. Paul, zinazoruhusu gari moja moja liingie. Watu wakalalamika kwamba zinachelewesha. Mwaka 2000 bunge la jimbo likaamuru zizimwe kwa majaribio. Zikazimwa. Magari yanayopita yakapungua kwa asilimia 9, muda wa safari ukapanda asilimia 22, ajali zikapanda asilimia 26. Zikawashwa tena nyingi, kwa utaratibu uliolegezwa kidogo. Lami ilikuwa ileile.

Mtama_Mchungu

Hapo umenipa. Hizo taa za kuingilia mbona hazimo kwenye mchoro wowote kati ya mitatu?

Nyuzi_Tisini

Kwa sababu haziwezi kuzinduliwa kwa kukata utepe. Natania. Nusu.

Bi_Kivuko

Habari za humu. Nimesoma kote sijaona mtu hata mmoja aliyetaja mguu. Mimi siendeshi. Makutano kama hayo nayavuka kila siku kwa miguu, na nawaambia, hizo njia ambazo "hakuna anayesimama" ndizo zinazotutesa. Dereva anayekata kona bila taa anaangalia magari yanayotoka upande mmoja, mimi niko upande wa pili, hanioni hadi niko kwenye boneti. Na wanatujengea ngazi ndefu, mwenye mtoto mgongoni na mwenye baiskeli watapandaje?

Jambo la pili. Kipimapembe, hapo kwenu abiria wanashukia wapi?

Kipimapembe

Shikamoo Bi Kivuko. Kusema kweli sikuwahi kujiuliza. Wanashukia chini ya daraja, kisha wanapanda kale kanjia ka udongo hadi juu.

Bi_Kivuko

Marahaba mwanangu. Chini ya daraja, yaani palepale mnapoita msuko. Haya.

Nyuzi_Tisini

Du! Bi Kivuko ameona kitu ambacho mimi mwenye kazi yangu nimekiruka. Basi likisimama kwenye msuko, leni ya kushoto imekufa, na wanaotoka kwenye kitanzi hawana pa kuingilia. Kipimapembe, hilo lihesabu. Nitaeleza kwa nini linaathiri mchoro wa tatu.

Kifuniko

Na huo wa tatu ni salama kweli? Kumwambia dereva aende kulia barabarani! Usiku, mvua, taa za barabarani zimezimika, si tutagongana uso kwa uso?

Nyuzi_Tisini

Kila anayeuona kwa mara ya kwanza anauliza hivyohivyo. Wazo halikuanza jana. Ufaransa, Versailles, wanayo ya namna hiyo tangu miaka ya 1970. Marekani la kwanza lilifunguliwa 2009 Springfield, Missouri, na walilitumia daraja lilelile la zamani. Baada ya hapo yameenea kwenye majimbo mengi. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa: unapata makutano mapya bila kujenga daraja jipya.

Faida iko hivi. Kwenye almasi ya kawaida, yaani makutano yasiyo na vitanzi ambayo njia zake nne za kutokea na kuingilia zinachora umbo la almasi, anayetaka kukata kulia kuingia barabara kuu lazima akatize mbele ya wanaokuja. Taa inapaswa kumpa zamu yake peke yake, na zamu zikiwa nyingi kila mtu anapata kijani kidogo. Mkibadilishana upande kabla ya daraja, wewe uko kulia tayari, unakata kulia bila kukatiza mtu. Taa zinabaki na zamu mbili tu kila upande.

Kuhusu kupotea njia, mtego uko kwenye pembe. Barabara mbili zikikatana kwa ulalo mkubwa dereva anavutwa kufuata njia isiyo yake. Zikikatana kwa pembe ya kutosha, kingo zikipinda, mishale ikachorwa chini, gari linajielekeza lenyewe. Watembea kwa miguu mara nyingi hupitishwa katikati ya daraja, wakiwa na ukuta kila upande.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, wanaopita moja kwa moja kwenye barabara ya mjini wakiwa wengi, unaanza kubanwa, maana wanasimamishwa kuvuka mara mbili. Unafaa pale wengi wanapokata. Pili, ukitoka barabara kuu huwezi kuvuka moja kwa moja ukarudi barabara kuu kuendelea na safari ileile. Nani anafanya hivyo? Basi linalotoka kushusha abiria na kurudi. Na lori lenye mzigo mrefu kwenda juu linalokwepa kupita chini ya daraja.

Breki_ya_Upepo

Hilo la mwisho mimi nalifanya. Daraja fupi, unatoka, unavuka juu, unarudi chini.

Kigoda

Kipilefti kikubwa juu ya barabara kuu je? Mbona hakimo?

Nyuzi_Tisini

Kinatumika sana Uingereza, nchi iliyoweka mwaka 1966 ile kanuni ya kumpisha aliyemo ndani ya mzunguko. Kwa magari ya wastani ni kizuri, hata kwa ajali: makutano ya kawaida ya barabara mbili yana nukta 32 ambapo magari yanaweza kugongana, kipilefti cha leni moja kina 8. Ila mkondo mmoja ukiwa mkubwa kuliko yote, unawafungia wenzake mlango, hawapati upenyo. Mwisho wa siku watu wanaweka taa ndani ya kipilefti. Na mnahitaji madaraja mawili.

Kipimapembe

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya wa siku nne, nilikuwa kazini, na kazi yenyewe mmenipa ninyi.

Nilimchukua mpwa wangu, tukasimama kwenye kivuko cha juu na madaftari, asubuhi mbili na jioni mbili. Yeye anahesabu vitanzi, mimi nahesabu wanaopita moja kwa moja. Si upembuzi yakinifu, ni vijiti kwenye karatasi. Lakini nimeona vitu ambavyo miaka yote nikiwa nyuma ya usukani sijaviona.

Kwanza, vitanzi havilingani. Kimoja cha kuingilia kinabeba mzigo mkubwa mno, kingine cha kutokea mpwa wangu alikuwa anapiga miayo. Mchoro wa ghorofa nne unakipa kila kimoja daraja lake.

Pili, Bi Kivuko nakuamkia mara ya pili. Asubuhi mabasi yanasimama chini ya daraja bila kupumzika. Likiondoka moja, la nyuma limeshika nafasi. Kila likisimama unaona taa za breki zinawaka kurudi nyuma kama moto kwenye nyasi kavu. Mara mbili mabasi mawili yalisimama sambamba, na hapo barabara kuu ikabaki na leni moja.

Tatu, hili limenivunja nguvu. Jioni foleni HAIANZII kwenye makutano. Nilishuka nikaifuata kwa miguu mpaka kichwa chake. Iko kama kilomita moja mbele, kwenye daraja la zamani la mto, ambako leni tatu zinakuwa mbili. Kuanzia hapo kwenda mbele magari yanakimbia kwa raha zao. Ina maana jioni sisi tunalaumu makutano ambayo hayana kosa?

Nyuzi_Tisini

Mkuu, umefanya kazi ambayo watu wanalipwa. Kanuni ni hiyo: foleni huitazami mkia, unakitafuta kichwa. Kichwa ndiko kosa liliko.

Na hapo kwenye leni tatu kuwa mbili kuna jambo la kuudhi zaidi. Foleni ikishajiunda, kinachotoka upande wa pili hupungua kuliko kile kilichokuwa kinapita kabla mambo hayajavurugika, maana kila dereva anaanza kuondoka polepole na kuacha pengo. Kwa hiyo mkijenga makutano mapya yanayomwaga magari kwa kasi zaidi, mtalifikisha lile daraja la mto kwenye kuvurugika mapema zaidi. Jioni itakuwa mbaya kuliko sasa.

Turubai

Haya, nimeshuka ghorofani. Nimekubali.

Kigoda

Uwekwe kwenye kumbukumbu za jukwaa.

Mtama_Mchungu

Sasa mkipanua na daraja la mto, foleni itahamia daraja linalofuata. Mnaona lakini?

Nyuzi_Tisini

Inaweza. Ndiyo sababu nisingeanza na kulipanua. Ningeanza na kuzipunguza leni mapema na kwa utulivu: mistari ianze mbali, alama zianze mbali, kikomo cha mwendo kishuke jioni, na njia za kuingilia ziwekewe zile taa za gari moja moja. Hizo ni rangi, nguzo na nyaya. Pima miezi sita, halafu ndipo tuzungumze zege.

Breki_ya_Upepo

Na mkandarasi akija msisahau mtapita wapi wakati wa ujenzi. Nimeona makutano yakifungwa nusu, michepuo imepita kwenye mitaa ya watu, lori linageuka kwenye kona ya baiskeli. Mchoro wowote watakaouchukua, waoneshe na mchoro wa pili wa siku za ujenzi. Na maji je? Barabara kuu yenu iko chini. Mvua ikinyesha huko chini kunakuwaje?

Kipimapembe

Panajaa. Kila msimu kuna gari dogo linazimika humo.

Nyuzi_Tisini

Andika hilo kwenye fomu, tena juu. Makutano yoyote yaliyo shimoni yanaishi kwa mifereji yake. Ukibomoa vitanzi viwili unapata ardhi wazi ndani ya hifadhi ya barabara, hakuna wa kulipwa fidia. Hapo pachimbwe bwawa la kupokea maji ya mvua yatoke taratibu. Ghorofa nne ingefunika kila kitu kwa nguzo.

Kipimapembe

Basi tuje kwenye chaguo lenyewe. Ghorofa nne imetoka. Kwa hesabu yangu wengi wa barabara ya mjini wanakata kuingia barabara kuu, wachache wanapita moja kwa moja. Kwa maelezo ya Nyuzi, hiyo inaupendelea mchoro wa tatu, au sivyo?

Nyuzi_Tisini

Kwa magari, ndiyo. Na sitaficha, tangu mwanzo nilikuwa naegemea huo. Kinachonirudisha nyuma ni mabasi. Kwenye wa tatu basi haliwezi kutoka, kushusha na kurudi. Litaendelea kusimama chini ya daraja, au abiria watahamishiwa mbali na kituo cha barabara ya mjini wanakokwenda kuunganisha.

Kwenye mchoro wa kwanza inawezekana, kwa sharti moja: mdomo wa njia ya kutokea na mdomo wa njia ya kuingilia viangaliane kwenye taa ileile. Basi linatoka, linashusha kwenye kituo chake kabla ya taa, linavuka barabara ya mjini, linarudi barabara kuu. Kwa kawaida wabunifu hawavipangi hivyo, wanaviachanisha ili kila kimoja kipate kona laini. Ukisema mapema ni kusogeza mstari kwenye karatasi. Ukisema baadaye ni kuvunja zege. Kitanzi chenye mzigo mkubwa ni cha kuingilia ulisema?

Kipimapembe

Cha kuingilia. Na mwenzake aliye mshazari naye ni wa kuingilia.

Nyuzi_Tisini

Basi makutano yenu yameshajichagulia. Wa kwanza.

Kifuniko

Mimi bado ningechukua wa tatu na kuhamisha kituo cha mabasi. Magari ni mengi kuliko mabasi.

Bi_Kivuko

Mwanangu Kifuniko, hesabu watu, usihesabu mabati. Basi moja lina watu wangapi?

Kifuniko

Sina jibu, mama.

Kipimapembe

Nimejaza fomu jana usiku. Nimeandika hivi, msahihishe kabla sijapeleka:

"Napendekeza mchoro wa kwanza, vibaki vitanzi vya kuingilia. Njia za kutokea ziwe na nafasi ya kusubiria isiyopungua mita 150 kila leni. Njia ya kutokea na ya kuingilia ziangaliane kwenye taa ili basi liweze kuvuka, na vituo vya mabasi viwe hapo, si chini ya daraja. Kila njia inayovukwa na waenda kwa miguu iwe na taa na ivukwe kwa usawa wa ardhi, bila ngazi. Eneo la vitanzi vitakavyoondolewa litumike kwa maji ya mvua. Kabla ya ujenzi, pale leni tatu zinapokuwa mbili kwenye daraja la mto pafanyiwe marekebisho ya alama na taa za kuingilia, na matokeo yapimwe, kwa kuwa foleni ya jioni inaanzia hapo."

Breki_ya_Upepo

Ongeza njia ndefu ya kupatia kasi baada ya kitanzi. Usinisahau.

Kipimapembe

Nimeiongeza, mkuu.

Nyuzi_Tisini

Ambatisha na yale madaftari ya mpwa wako. Piga picha kurasa zote, hata zilizofutwafutwa. Maoni yapo mengi, hesabu chache. Na Ijumaa jioni mlihesabu?

Kipimapembe

Hapana, tulihesabu Jumanne na Jumatano.

Nyuzi_Tisini

Rudini Ijumaa. Safari hii msisimame kwenye makutano, simameni kwenye daraja la mto, na muandike saa na dakika ambayo leni ya tatu inasimama.